Dawa ya Kupoza

Kompyuta ya Yasinta ilikuwa inanukia dawa ya meno. Fundi Antipasi aliifungua ubavu, akaingiza pua ndani kama mtu anayenusa mchuzi, akacheka mpaka akalazimika kukaa juu ya ndoo.

"Dada, tangu nikuletee mashine hii, nani mwingine kaifungua?"

"Fundi mmoja wa stendi. Ilikuwa inazimika, na wewe ulikuwa umeshaondoka."

"Basi fundi wako kaipiga mswaki."

Yasinta hakucheka. Kompyuta ile ndiyo ilikuwa jembe lake tangu ofisi aliyokuwa akipiga chapa ilipouzwa kwa mtu binafsi, na huyo mtu binafsi akasema wapiga chapa wamezidi. Aliiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mumewe pale Misuna, mtaa wa Singida, akaandika mlangoni TUNACHAPA BARUA, KADI NA MITIHANI, na kwa muda mambo yakaenda. Sasa ilikuwa inamwaibisha. Unachapa nusu ukurasa, inapiga mlio mmoja, kioo kinakuwa cheusi. Ukigusa ubavu wake unakuta wa moto kama sufuria iliyoteremshwa sasa hivi. Walimu walikuwa wameanza kupeleka mitihani yao kwingine, na hawakuaga.

Antipasi alikuwa kijana wa Arusha, mtu wa begi mgongoni, leo Babati kesho Nzega, mwenye maneno mengi na mikono safi. Alimwita Yasinta asogee, akamwonyesha kigae kidogo cha ukubwa wa stempu.

"Hii ndiyo prosesa. Akili yote ya mashine iko hapa, na joto lote linatoka hapa. Hili bati lenye meno kama kitana linalibeba lile joto, feni inalipuliza nje. Sasa kati ya prosesa na bati lazima pawe na dawa, joto lipite. Dawa ikikauka, joto linakaa palepale, mashine inajizima isije ikaungua. Dawa ya meno inafaa siku mbili tatu, halafu inakuwa chokaa. Ona."

Alikwangua kwa kucha, na unga mweupe ukadondoka mezani. Kisha akatoa vitu viwili kwenye begi: kikopo kidogo cha dawa nyeupe, na bomba la sindano lisilo na sindano, limejaa dawa ya kijivu.

Yasinta alivitazama vyote viwili kwa jicho baya. Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilipatikana dukani na hakuna hata kimoja cha kuaminika. Soko limefunguliwa, walisema wakubwa, na kila aliyekuwa anapita nje akaingia. Kulikuwa na betri zisizowasha hata redio, nyembe zinazong'oa ndevu badala ya kuzinyoa, vidonge vya malaria ambavyo malaria yenyewe ilivicheka. Yasinta alifungua kikopo, akanusa. Akachukua bomba, akanusa pia.

"Ipi ni feki?"

"Dada, zote zinatoka kulekule."

"Sijakuuliza zinatoka wapi."

Antipasi alimtazama upya, kwa heshima kidogo. Alichukua karatasi safi, akaweka tone la kila dawa, wakangoja huku akimsimulia habari za Nzega. Walipotazama tena, dawa nyeupe ilikuwa imezungukwa na duara la mafuta kwenye karatasi. Ya kijivu ilikuwa imekaa palepale ilipowekwa.

"Inayoachia mafuta itakauka upesi," alisema fundi. "Hii nyingine ni ghali, sikufichi."

Yasinta alichukua ya kijivu. Lakini haikuweza kupakwa siku ile, kwa sababu feni nayo ilikuwa imekufa, na feni ya namna ile haikuwepo Singida nzima. Antipasi alipokea pesa yake, akaahidi kuituma kwa basi kutoka Arusha, akamwelekeza afunge mwenyewe. Futa prosesa kwa pamba na spiriti mpaka ing'ae. Weka dawa katikati, kiasi cha punje ya mtama, usiitandaze kwa kidole. Bana bati juu yake moja kwa moja, usilinyanyue tena. "Ukiweka nyingi inakuwa blanketi," alisema, "badala ya kupoza inazidi kuichemsha."

Alikuwa ameshafika mlangoni, begi mgongoni, alipogeuka na kupaza sauti kama ilivyo kawaida ya watu wa stendi. Mashine mbovu zote alikuwa akiziita mgonjwa. "Hiyo ndiyo dawa ya kupoza, dada! Ifiche, usimwonyeshe mtu, watakuja kuombaomba hapa. Na mgonjwa umpake kidogo tu. Ukizidisha unamuua!"

Akacheka, akaenda zake. Nyumba ile haikuwa na dari. Neno likisemwa chumba cha mbele lilipanda juu ya ukuta, likateremkia vyumba vya nyuma na kutokea uani bila kubisha hodi popote. Chumba cha nyuma alikuwa amelala mama mkwe wake Yasinta, Mama Elizabeti, aliyeanguka baada ya Pasaka na tangu hapo akawa amepooza mkono na mguu wa kushoto. Uani alikuwa ameketi wifi yake, Magdalena, akipepeta mtama. Ungo wa Magdalena ulisimama.

Mume wa Yasinta, Gaspari, alikuwa mchuuzi wa kuku. Alizunguka minada ya vijijini akinunua kuku wa kienyeji, akawajaza kwenye matenga na kuwauzia wenye malori ya Dar es Salaam. Jioni ile Magdalena hakumngoja afike nyumbani. Alimfuata mpaka kwenye mawe ya juu ya mtaa, pale upepo unapopiga kiasi kwamba watu hulazimika kusemezana kwa karibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tua tenga."

"Kuna nini? Mama?"

"Mama yupo. Ila tukiendelea kunyamaza hatakuwepo."

Akamweleza. Magdalena alikuwa mwanamke ambaye akieleza jambo haachi kitu, na pale palipopungua huongeza cha kwake. Yule fundi wa mashine amekuja tena. Kabla ya Pasaka alikuja, baada ya Pasaka mama akaanguka. "Au nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Leo kamletea mkeo sindano. Na kasema kwa mdomo wake, hii ndiyo dawa ya kupooza. Ifiche. Usimwonyeshe mtu. Mgonjwa umpake kidogo, ukizidisha unamuua. Nimesikia kwa masikio haya, Gaspari."

Gaspari alijaribu kucheka. "Labda ni dawa ya kumtibu."

"Ya kumtibu inafichwa? Mimi ndiye ninayemwosha mama kila siku. Kama ni ya kumtibu, kwa nini sijaambiwa?"

Kulikuwa na jambo jingine lililomchoma Gaspari, ambalo hakulitaja. Njiani alikuwa ameshaambiwa na jirani kwamba fundi alikaa ndani muda mrefu, na kwamba alisikika akicheka. Mwanamume anayekaa minadani wiki nzima huwa na muda mwingi wa kuwaza nani anacheka nyumbani kwake.

Yasinta alipakua ugali na mlenda, akafunika kawa, akaweka mbele ya mumewe.

"Nimekula mnadani," alisema Gaspari.

Kesho yake alikuwa amekula kwa Magdalena. Siku iliyofuata tumbo lilikuwa limejaa gesi. Yasinta alikifunua chakula, akakitazama, akakila mwenyewe. Kwanza alidhani mumewe amechoka. Kisha akaanza kudhani kuna mwanamke huko mnadani Ikungi anayempikia, akachungulia mifuko ya suruali wakati wa kufua, akanusa kola za mashati. Hakupata kitu isipokuwa harufu ya kuku, na hilo halikumtuliza hata kidogo.

Kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa na lake moyoni. Magdalena alianza kuja alfajiri kumpikia mama uji kwa sufuria aliyoileta kutoka kwake, kwa unga aliouleta kutoka kwake, na aliondoka na mwiko wake. "Pumzika tu, wifi," alimwambia Yasinta alipotaka kusaidia. "Wewe una kazi za mashine." Maji ya kumwogeshea mama aliyachota mwenyewe. Hata kikombe alikisuuza mara mbili kabla ya kukitumia, mbele ya Yasinta, tena bila haraka.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyezidi kuwa mwema. Kila Yasinta alipopita chumbani kwake alimkuta anamtazama kwa uso uliotulia, na upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima, ukitabasamu. Mara moja alimshika mkono akaubana. Alitaka kusema kitu, lakini maneno yake tangu aanguke yalikuja polepole na kwa kukwamakwama, na Magdalena aliyekuwa pale hakumngoja. "Anataka maji," alisema Magdalena, na akampa maji. Hivyo ndivyo watu walivyozungumza na Mama Elizabeti siku hizo. Walimmalizia sentensi, wakampa kitu, wakaondoka.

Yasinta alitoka nje akijiuliza kwa nini anapendwa ghafla. Ukishaanza kushuku, hata wema unaugeuza nyuma kutazama kama una mshono.

Feni haikuja. Alikwenda kwenye kibanda cha simu, akapiga namba ya Antipasi, na sauti ya mwanamke ikamwambia namba haipatikani. Akapiga tena, ikamwambia vilevile. Alianza kuamini ameibiwa.

Jumamosi Yasinta alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Gaspari alifunga mlango wa chumba kwa ndani, akafungua sanduku la mkewe. Alitoa kitenge baada ya kitenge akiwa na aibu ya mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Chini kabisa, ndani ya khanga iliyokunjwa, akalipata bomba la sindano. Dawa yake ilikuwa ya kijivu, rangi ya majivu ya jikoni. Ilikuwa imebaki nusu. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akakaa kitandani akimngoja.

"Mama Peniel," alisema Gaspari, Yasinta alipoingia. Peniel alikuwa binti yao, aliyekuwa shule ya bweni. "Sandukuni kwako kuna nini?"

"Nguo zangu."

"Na nini kingine?"

Yasinta aliweka kitabu cha nyimbo mezani taratibu. "Umelipekua sanduku langu?"

"Nimekuuliza swali."

"Kuna dawa ya kompyuta."

"Kompyuta inaumwa nini?"

"Inapata joto, Baba Peniel. Dawa inapakwa kwenye prosesa ili ipoe."

"Yaani mashine ya umeme. Unaipaka dawa."

"Ndiyo."

"Ya kwenye bomba la sindano."

"Ndiyo."

"Kama mtoto mwenye upele."

Yasinta alijisikia vibaya. Kila neno alilosema lilikuwa kweli tupu, lakini yalipokwisha kutoka mdomoni hata yeye aliyaona yalivyofanana na uongo.

"Na umeshaipaka?" aliuliza Gaspari.

"Bado. Nangoja feni."

"Kwa hiyo imejaa."

"Imejaa. Haijaguswa."

"Ilete."

Alipiga magoti, akafungua sanduku, akaikunjua ile khanga. Bomba lilikuwa nusu. Yasinta alilipeleka dirishani, akaligeuza, akalishika juu chini, kana kwamba nusu nyingine ingeweza kuwa imejificha upande wa pili. Hakuna aliyeweza kuigiza mshangao ule. Lakini mtu aliyekwisha kuamua haoni mshangao, anaona mtu aliyekamatwa.

"Ile nusu nyingine," alisema Gaspari, "kapakwa nani, Mama Peniel?"

"Sijui."

"Hujui."

"Wallahi sijui," alisema Yasinta, Mkristo wa kwaya, kwa kuchanganyikiwa. "Nani anaingia humu? Muulize dada yako! Yeye ndiye anashinda humu ndani!"

Hilo lilikuwa kosa. Magdalena alikuwa uani, na nyumba haina dari.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya ibada. Mwenye kikao alikuwa Mzee Lazaro, baba yake mdogo Gaspari, mtu aliyependa vikao kuliko kazi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alipita kuweka msimamo. Alisimama sebuleni, fimbo mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika na majirani kwamba dawa hiyo kesho itatolewa nje na kuchomwa moto mbele ya watu wote. Halafu mwanamke ataamua mwenyewe, ama akubali kupelekwa kwa mganga akanyolewe uchawi, ama arudi kwao Mungaa. Yasinta hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amewaona wanawake waliorudishwa kwao kwa neno kama hilo. Neno huwatangulia kufika, na kwao nako hupewa kibanda cha peke yao.

Usiku huo Gaspari alilala kwa Magdalena. Yasinta alifunga nguo zake sandukuni, juu ya ile khanga yenye bomba, akaacha juu nafasi ya vyombo vyake viwili vitatu. Peniel atamkuta wapi likizo? Hilo ndilo lililomliza.

Asubuhi, watu wakiwa kanisani na yeye kabaki nyumbani, utingo wa basi la Arusha alileta kifurushi. Ndani kulikuwa na feni ndogo nyeusi. Yasinta aliishika kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza akapata wazo la kujiokoa. Hakukuwa na haja ya kuapa. Angewaonyesha.

Walipokusanyika chumba cha mbele, Lazaro alikaa kwenye kiti cha wateja. Gaspari alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Magdalena hakukaa.

"Shikamoo, baba," alisema Yasinta.

Lazaro alijikohoza, na marahaba haikutoka. Yasinta aliisubiri, kwa sababu katika maisha yake hakuna mzee aliyewahi kuikatalia shikamoo yake. Alipoona haiji, akasema, "Sitasema mengi. Mmesema nina dawa ya kumpooza mama. Mimi nasema ni ya mashine. Naomba niipake mbele yenu. Mashine ikiwaka na kukaa, mtajua ni ya mashine. Isipokaa, sanduku langu nimeshalifunga."

Lazaro alimtazama Gaspari. Gaspari akaendelea na viatu.

"Paka," alisema Lazaro.

Yasinta aliifungua kompyuta. Alifunga feni mpya juu ya lile bati lenye meno. Alifuta prosesa kwa pamba na spiriti mpaka ikang'aa, na hata Lazaro akasogeza shingo kuona. Kisha akaenda chumbani kuchukua dawa.

Walimsikia akitoa nguo. Walimsikia akizitoa tena. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

"Haipo," alisema.

"Aaa!" Magdalena alipiga makofi mara moja. "Haipo! Baba mdogo umesema jana itachomwa, leo haipo! Mnataka nini tena? Mnataka mpaka mama azikwe?"

"Wifi, umeichukua wewe."

"Mimi nishike uchawi wako?"

"Baba Peniel," Yasinta alimgeukia mumewe, "sema kitu. Jana uliishika kwa mkono wako. Sema japo neno moja."

Gaspari aliinama, akafunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo waliposikia mguu unaburuzwa.

Mama Elizabeti alikuja akiegemea ukuta kwa bega zima. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, amelivaa mwenyewe, kinyume. Hakuna aliyekuwa amemwita. Kikao kilikuwa chake na hakuna aliyekuwa amemwita. Magdalena alimkimbilia, akamshika mkono uliopooza, kisha akauachia kwa yowe.

Mkono ulikuwa wa kijivu. Kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole ulikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, na kwenye mistari ya kiganja rangi ilikuwa imejaa na kukolea.

"Mnaona! Mnaona wenyewe! Juzi nilipomwogesha nilidhani ni uchafu wa kulala!"

"Nya... maza," alisema Mama Elizabeti.

Na kwa kuwa alilisema kama mama, Magdalena alinyamaza.

"Mwizi," alisema mama, akavuta pumzi, "ni mimi."

Alifungua fundo la khanga kiunoni kwa mkono mzima na meno. Ndani ya fundo lilikuwamo bomba la sindano. Limebaki karibu tupu. Lazaro aliinuka kutaka kumsaidia maneno. "Anataka kusema kwamba..."

"Lazaro. Kaa."

Lazaro alikaa.

Ilimchukua muda mrefu kuyasema, na safari hii walingoja. Alisema alimsikia fundi kwa masikio yake, dawa ya kupooza. Akasema moyoni, Mungu wangu, mkwe wangu kaniagizia dawa. Wanangu wa kuzaa hawajaniletea hata mzizi, mkwe kaniagizia dawa ya mjini. Alingoja apewe. Hakupewa. Akawaza labda Yasinta anangoja mchungaji aje aiombee kwanza. Lakini mkono ulikuwa unamchosha, naye ni mzee, hakuweza kungoja. Kila nyumba ilipokuwa tupu aliburuza mguu mpaka sandukuni, akadokoa kidogo, akajipaka. Alipowasikia wanamgombeza Yasinta kwa sababu dawa imepungua, aliona haya. Jana alisikia itachomwa, na alfajiri Yasinta alipotoka kuchota maji, aliichukua yote.

"Msimfukuze," alisema. "Nimeiba mimi. Na kidole," akautazama mkono wa kijivu kwa fahari, "kimeanza."

Kidole gumba kilisogea, kidogo sana. Au walidhani kimesogea.

Yasinta alikuwa analia bila kujificha. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama. Fundi hakusema kupooza. Alisema kupoza. Kupoza mashine."

Lazaro aliyarudia maneno yale mawili chini kwa chini, kupoza, kupooza, kama mtu anayepima chumvi mikononi. Magdalena alisema ni yaleyale, lakini alilisema akitazama mlango.

"Ya mashine," alisema Mama Elizabeti.

"Ndiyo, mama."

"Siyo ya mkono."

Mama alilitazama bomba, kisha akamnyooshea Yasinta. "Imebaki kidogo. Itatosha?"

Yasinta alilibinya mpaka mwisho. Lilitoa tone moja, punje ya mtama, wala halikuongeza. Aliliweka katikati ya prosesa. Hakulitandaza. Alishusha bati, akalibana, akachomeka waya ukutani, akabonyeza. Feni ilianza kuvuma, kioo kikaja na mwanga wake wa bluu. Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakiisikiliza kama watu wanaongoja taarifa ya habari, na Yasinta akachapa ukurasa mzima wa kitu chochote kilichomjia, majina ya wanakwaya, na ukurasa wa pili, na mashine haikuzimika. Lazaro aliweka kiganja ubavuni mwake. "Imepoa," alisema, kwa mshangao wa mtu aliyekuwa tayari kuchoma kitu asichokijua. Akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni nyumbani, akachukua fimbo yake.

Magdalena alijifunga khanga upya. "Sasa mimi ningejuaje," alisema, akatoka. Sufuria yake ya uji aliiacha.

Gaspari alicheka. Alitaka kicheko kile kiwachukue wote na kulifanya jambo liwe hadithi ya kuchekesha ya kusimuliwa minadani. "Yaani kupoza tu! Lo! Mama Peniel, hebu nipe chakula, nina njaa kweli leo."

"Gaspari," alisema mama yake kutoka kwenye kiti cha wateja.

"Naam, mama."

"Mimi nilisikia dawa." Alipumzika. "Magdalena alisikia uchawi." Alipumzika tena, na wakamngoja. "Wewe, mume wake. Ulisikia nini?"

Gaspari aliinua mabega, akayashusha. "Mimi nilikuwa mnadani, mama."

Mama aligeuza uso. Yasinta alichukua spiriti na pamba iliyobaki, akaanza kuusafisha ule mkono, kidole kimoja kimoja, na rangi ikawa inatoka kwa shida. Ulipotakata akachota mafuta ya alizeti kwenye kibuyu cha jikoni, akaukanda kuanzia kwenye kiwiko kushuka, polepole. Mama alifumba macho. Hakuuliza kama hiyo nayo ni dawa.

Jioni walimu wawili walileta mitihani. Yasinta aliichapa yote kwa mkupuo mmoja, akafunga mlango wa mbele, akaenda chumbani kuchukua sanduku lake lililokuwa bado limefungwa. Gaspari, aliyekuwa amekaa kitandani, alisimama haraka. "Nikusaidie kulifungua?"

"Acha, nitaliburuza mwenyewe," alisema Yasinta. Akaliburuza mpaka chumba cha nyuma, akalisukuma chini ya kitanda cha mama mkwe wake, akatandika mkeka.